Ukikataliwa posho Uingereza, tazama kwanza tarehe ya barua

Watu wetu wakipoteza kazi huku Uingereza, jambo la kwanza wanalolifanya ni kunyamaza. Mume hutoka nyumbani asubuhi kama kawaida yake ili watoto wasijue. Kodi ya nyumba inasubiri, na simu ya Maskati ikilia jawabu ni lile lile: "Alhamdulillah, hatujambo, tuko salama."

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomesha sekondari ya misheni kabla ya kuhamia England, na kwa kuwa barua ya Kiingereza hainitishi, nimekuwa kama karani wa mtaa. Barua zenye nembo ya serikali huletwa mezani kwangu, nyingine hata bahasha haijafunguliwa. Nimeona wengi wanaostahiki wakikosa, na sababu huwa moja: barua ya kukataliwa iliwakuta peke yao, wakaitia kwenye droo, na muda wa kuupinga uamuzi ukapita.

Posho mbili, sio moja

Aliyepoteza kazi ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni Universal Credit. Hii hutazama kipato na akiba ya nyumba nzima, mume na mke pamoja, na ndani yake mna msaada wa kodi na wa watoto. Akiba ikiwa chini ya pauni 6,000 haiguswi. Ikizidi hapo posho hupunguzwa, pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila pauni 250 iliyozidi, na ikipita pauni 16,000 hupati kitu.

Ya pili ni New Style Jobseeker's Allowance, na hii wengi wetu hatuijui. Hulipwa aliyekuwa ameajiriwa na kukatwa National Insurance ya kutosha katika miaka miwili mitatu iliyopita. Haitazami akiba yako wala mshahara wa mumeo. Hulipwa mpaka miezi sita. Unaweza kuziomba zote mbili, ila ile ya pili hukatwa kwenye ya kwanza.

Usingoje mpaka fedha ziishe mfukoni. Malipo ya kwanza ya Universal Credit huchukua kama wiki tano tangu siku ya kuomba, na siku ulizokaa kimya kabla ya hapo ni nadra kulipwa. Ukibanwa unaweza kuomba malipo ya mapema, lakini ujue kuwa huo ni mkopo, utakatwa kidogo kidogo kila mwezi.

Pesa za mjomba

Mwaka juzi alinijia mama mmoja wa makamo, mjane mwenye binti wa miaka 12. Alikuwa mpishi wa skuli kwa miaka tisa. Jiko likapewa mkandarasi mpya, watu wakapunguzwa, na yeye akawa miongoni mwao. Aliomba Universal Credit, akajaza kila kitu kwa ukweli, barua ikarudi kuwa hastahiki kwa sababu akaunti yake ina zaidi ya pauni 16,000.

Ni kweli zilikuwamo pauni 18,700, lakini zake zilikuwa 1,900 tu. Zilizobaki ni mchango wa matibabu ya mjomba wao, aliyekuwa akingoja kufanyiwa opareshini ya moyo India. Ndugu wa Maskati, Dubai na Toronto walimtumia yeye kwa sababu ndiye wanayemwamini. Nani kati yetu hana mtu kama huyo kwenye ukoo, anayeshika pesa za wote?

Sisemi ofisi ilimdhulumu. Aliyekaa kule ameona salio, hakumuona mjomba.

"Dada Mwalimu," akanambia, "usiku huu nazihamisha zote kwa kaka Maskati, kesho naomba upya."

Nikamkataza. Sheria iko wazi kuwa anayetoa mali yake makusudi ili apate posho, huhesabiwa kama bado anayo. Ukihamisha fedha kwa haraka, hata zile ambazo si zako zitaonekana zako.

"Lakini si zangu!"

"Basi tuwaonyeshe kuwa si zako."

Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ili kuthibitisha, ilibidi kila ndugu aandike barua: alituma kiasi gani, lini, na kwa ajili ya nini. Maana yake wote watajua hana kazi. Akasema hapana, bora akose. Akaenda zake. Siku tatu hakupokea simu yangu. Barua ilikuwa imeshatimiza siku 19 siku aliyoileta, na muda wa kuipinga ni mwezi mmoja.

Siku ya nne akaandika kwenye kundi la familia. Hakuna aliyemcheka. Kaka yake mkubwa alimuuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukutwambia?" Kufika usiku wa pili barua zote zilikuwa zimeshaingia, pamoja na makadirio ya gharama kutoka hospitali ya India.

Tukaambatanisha taarifa ya benki inayoonyesha kila mchango ulivyoingia, ujumbe wa kundi wa siku waliyokubaliana kuchanga, na ukurasa mmoja wa maelezo. Tulituma siku ya 26. Wakati huo huo akaomba ile posho ya pili, isiyotazama akiba, akawa na kitu cha kununulia chakula. Baada ya kama miezi miwili uamuzi ukabadilishwa, akalipwa tangu siku aliyoomba mwanzo.

Barua ya kukataliwa ina milango miwili

England, Scotland na Wales utaratibu ni huu. Mlango wa kwanza ni kuiomba ofisi yenyewe iutazame uamuzi upya. Kwa Kiingereza huitwa Mandatory Reconsideration, na neno hilo litumie kama lilivyo ili wakuelewe mara moja. Unaomba ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi. Angalia vizuri: tarehe iliyoandikwa, sio siku uliyoifungua bahasha. Unaweza kuomba kwa simu, kwa barua, kwa fomu, au kwenye ukurasa wako wa mtandaoni wanaouita Journal. Ukichelewa kwa sababu ya maana, kama maradhi au msiba, eleza sababu na uombe vivyo hivyo; wanaweza kukubali mpaka miezi 13.

Wakishikilia uamuzi wao, watakuletea waraka wa jawabu. Uhifadhi, kwa sababu ndio ufunguo wa mlango wa pili, nao ni rufaa kwenye baraza linaloitwa First-tier Tribunal. Hili haliko chini ya ofisi iliyokukataa. Ni majaji wa kujitegemea, na hulipi ada. Unapewa tena mwezi mmoja, kuanzia tarehe ya waraka ule.

Fomu ya rufaa itakuuliza kama unataka kusikilizwa au kesi isomwe kwenye karatasi tu. Chagua kusikilizwa, ana kwa ana, kwa simu au kwa video. Mtu anayeulizwa maswali huweza kueleza kilichosahauliwa kwenye maandishi. Itakuuliza pia kama unahitaji mkalimani. Andika Kiswahili. Mkalimani ni wa baraza, wala humlipi.

Simu inayoimba

Sasa tuje kwenye simu, maana hapo ndipo wazee wetu wanaposhindwa. Unapiga, sauti ya mashine inakwambia nenda mtandaoni, halafu muziki unaanza. Unasubiri mpaka chai inapoa. Ukipata mtu, anauliza maswali ya usalama, neno moja likikupotea unaambiwa piga tena.

Namba ya Universal Credit ni 0800 328 5644. Ukipiga ukiwa ndani ya Uingereza hulipi kitu. Tahadhari na namba nyingine unazozikuta mtandaoni, kwani wako watu wanaokuunganisha na ofisi ile ile kwa kukutoza kila dakika. Piga kwa simu ile ile uliyoiandikisha kwenye maombi yako. Kabla ya kupiga weka mezani namba ya National Insurance, postikodi, barua yenyewe na kalamu.

Kama Kiingereza kinakupa tabu, sema mwanzo kabisa: "Swahili interpreter, please." Watakutafutia mkalimani kwenye laini. Usimtie mwanao mdogo katikati. Mtoto wa miaka 11 hana haja ya kujua baba yake anadaiwa kodi ya miezi mingapi, na neno moja akilikosea ni wewe utakayeulizwa.

Wakati wa kuzungumza, uliza jina la unayezungumza naye na uandike saa. Simu ikimalizika, ingia kwenye Journal uandike mistari miwili: leo tarehe fulani, saa fulani, nimezungumza na fulani, ameniambia hivi. Miaka niliyosomesha, mwanafunzi ambaye jina lake halikuwamo kwenye daftari la mahudhurio alihesabiwa hakuja, hata awe alikaa mstari wa mbele. Na huku ni hivyo hivyo. Ulilolisema kwenye simu usipoliandika, kesho utalithibitisha kwa nini?

Simu ikikushinda kabisa, nenda Jobcentre iliyo karibu uulize ana kwa ana. Citizens Advice nao wanasaidia bure. Kwa England, huduma yao ya kuanza kuomba Universal Credit ina namba 0800 144 8444. Na mambo yakikwama miezi, iandikie ofisi ya mbunge wa eneo lako. Barua ya mbunge huwa na njia yake ya kufika, na kuwasaidia wakaazi wake kwa mambo kama haya ni sehemu ya kazi zake.

Tusidanganyane

Kudai haki ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine. Nyumba ya kukodisha iliyoko Unguja, kiwanja cha Mombasa, sehemu yako ya urithi ambao haujagawiwa, vyote hivyo huulizwa kwenye Universal Credit, na mali iliyo nje ya nchi ni mali. Pesa ya mchezo zamu yako ikifika ni pesa yako, itaje. Anayeficha akagundulika hurudisha alichopewa, na huenda akashitakiwa. Yule mama wa pesa za mjomba alisimama kwa sababu hakuficha hata pauni moja.

Wenye viza iliyoandikwa kuwa hawana ruhusa ya kupata fedha za umma, wapate ushauri kwanza kabla ya kuomba, wasije wakaharibu ukaazi wao. Na wanaorudi Uingereza baada ya kuishi miaka Omani au Dubai wajue jambo moja: hata mwenye pasi ya Uingereza hutakiwa aonyeshe kuwa makazi yake ya kawaida sasa ni huku. Mkataba wa nyumba, skuli ya watoto, daktari uliyejiandikisha kwake, barua za kutafuta kazi, hivyo ndivyo vitakavyokusemea. Vikusanye tangu wiki ya kwanza.

Na nyinyi wa Ghuba

Msidhani haya ni ya Uingereza peke yake. Imarati walianzisha bima ya kupoteza kazi tarehe 1 Januari 2023. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirham 16,000 hulipa dirham 5 kwa mwezi, anayezidi hulipa 10. Akipoteza kazi bila ya kosa la nidhamu na bila ya kuacha mwenyewe, hulipwa asilimia 60 ya mshahara wa msingi mpaka miezi mitatu, ikiwa amechangia miezi 12 mfululizo. Kipande ambacho watu hawakisomi ni hiki: dai liingie ndani ya siku 30 tangu kazi kumalizika. Nako pia, mwenye kunyamaza siku zake zinakwenda.

Kwa hiyo ninyi mlioko Maskati, Sur au Sharjah, mkimpigia ndugu yenu wa Coventry au London na mkasikia sauti yake imepungua, msitosheke na "tuko salama". Muulizeni kwa upole kama kazi ipo. Akisema haipo, muulizeni kama ameomba. Akisema ameomba wakamkataa, mwambieni aende akaifungue ile droo, aitoe barua, na awasomee tarehe iliyo juu. Mkokotoe pamoja siku zilizobaki, kisha kila mmoja aandike barua yake.