Datsun ya Safari kwenye foleni ya Nsambya

Jirani yangu wa Nsambya, Kampala, ni afande mstaafu, na gari lake la kila siku ni Datsun 240Z. Silo gari la harusi, wala la kutolewa Jumapili likapigwe picha. Ndilo linalowapeleka wajukuu shuleni, mmoja mmoja, maana viti ni viwili tu. Ndilo linaloleta mkungu wa matoke, unaoingizwa kwa mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na kulazwa pale ambapo Wajapani walikusudia uweke begi la safari. Tunasemezana Kiswahili kwa sababu alikaa miaka mingi katika kambi ya polisi iliyo hapahapa kilimani, na Kiswahili cha kambini hakijamtoka.

Siku ya kwanza aliponiletea gari sikumwelewa. "Fundi," aliniambia, "hii gari kukimbia haina shida. Shida yake kusimama." Nikadhani anasema breki. Nikafungua magurudumu yote manne, nikakuta breki nzima.

Watu wengi wakiona gari la spoti la zamani mitaani kwetu huamini kwamba litauawa na mashimo. Mashimo tunayo, hilo halina ubishi. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaita wakazi wa Kampala watume mtandaoni picha za mashimo ya mitaa yao, na picha zikamiminika hata Rais akaagiza halmashauri ya jiji ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Lakini shimo si kitu kigeni kwa 240Z. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, gari hili liliyashinda mara mbili. Mwaka 1971 walioshinda ni Edgar Herrmann na Hans Schüller, na aliyewafuata katika nafasi ya pili, Shekhar Mehta, naye alikuwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imekimbilia Kenya mwaka uliotangulia, enzi za utawala wa Idi Amin. Alifungana pointi na Harry Källström, naye pia katika Datsun, na kanuni za kuamua sare zikampa Mehta ushindi.

Gari lililopitishwa katika matope na mawe ya namna ile halishindwi na mashimo ya Ggaba Road. Kila gurudumu lake lina springi na shokamzoba yake, linapanda na kushuka bila kulivuta la upande wa pili, na rimu ni za inchi 14 tu, kwa hiyo tairi lina ukuta mnene wa mpira unaomeza pigo. Magari yanayopasuka rimu hapa kwetu ni yale mapya yenye tairi jembamba kama ukanda wa suruali.

Sasa litoe gari hilo kwenye mbio, uliweke kwenye foleni ya saa moja asubuhi, kuteremka kutoka hospitali ya Nsambya kwenda Clock Tower. Hapo ndipo maneno ya afande yanapoanza kueleweka.

Injini yake, inayoitwa L24, ina silinda 6 katika mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Kiwandani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151. Katika kila lita ya petroli inayochoma, takriban robo tu ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto, na joto lazima lipate pa kwenda. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa upepo unalichukua bure. Ukisimama, mzigo wote unaiangukia feni, na feni ya gari hili imefungwa mbele ya pampu ya maji, ikizungushwa na mkanda wa injini. Injini ikinguruma taratibu, mizunguko 750 hivi kwa dakika, feni nayo inazunguka kivivu. Ile saa inayohitajika zaidi ndiyo saa inayojitahidi kidogo kabisa.

Halafu kuna kimo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo zile nguvu za farasi 151 ukizitafuta Nsambya utakuta kama 130. Kabureta haina habari. Inaendelea kumwaga petroli iliyopimwa kwa hewa ya pwani, mchanganyiko unakuwa mzito, na plagi zinavaa masizi. Hilo linarekebishwa kwa kupunguza petroli, kazi ya dakika chache kwa mwenye sikio zuri. Kinachopinga kuchemka kwa maji ni kifuniko cha rejeta: springi yake ikiwa nzima hushikilia shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Ikichoka, kifuniko hicho hakina tofauti na kisahani cha chai.

Lakini kilichomsimamisha afande hakikuwa maji. Nilipanda naye asubuhi moja, nikaikodolea macho sindano ya joto njia nzima, ikabaki katikati kwa utulivu. Tukaingia kituo cha mafuta, akazima, akalipa, tukazungumza kidogo na kijana wa pampu. Dakika 10. Akapiga stata. Injini ikakohoa mara mbili, ikafa. Kilichochemka kilikuwa petroli.

Katika L24 hewa inaingilia na moshi unatokea upande uleule wa silinda hedi. Kabureta mbili zimekaa juu ya manifoldi ya moshi kama sufuria mbili juu ya jiko. Gari likitembea, upepo unazipoza, na petroli yenyewe inayopita ndani yake inazipoza pia. Ukizima injini, upepo hakuna, petroli imesimama, na chuma cha moshi kilicho chini yake bado kina joto la nyuzi mamia. Petroli si kama maji. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vilivyo vyepesi huanza kuchemka kabla ya nyuzi 50. Bakuli za kabureta zinajaa mvuke, bomba linajaa mvuke, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika inabaki kupigapiga hewa. Subiri nusu saa, gari linawaka kana kwamba lilikuwa linakutania. Ndiyo maana tatizo hili hukaa miaka bila kupata dawa: likifika gereji limeshapoa, na fundi anakwambia gari zima.

Afande alikuwa na dawa yake, kitambaa na chupa ya maji chini ya kiti. Alifungua boneti, akalowesha kitambaa, akakifunga kwenye pampu ya petroli iliyo ubavuni mwa injini. Baada ya dakika tano tuliondoka. Njia hiyo ni ya kweli, madereva wa zamani wanaijua, na haina aibu yoyote. Ila mtu hawezi kuosha pampu kila anaponunua mkate.

Tulipochunguza tukakuta mambo mawili. Kwanza, gari hili lilitoka kiwandani na mrija mwembamba wa kurudisha tangini petroli iliyozidi, ili petroli izunguke wakati wote na isipate nafasi ya kupata moto. Fundi fulani wa miaka ya nyuma aliona mrija unavuja, akauziba kwa skrubu. Pili, bati la kukinga joto kati ya kabureta na manifoldi halikuwepo kabisa. Mrija tuliufungua na kuuvisha mpira mpya. Bati tulikwenda kulikatisha kwa mafundi wa Katwe, alumini ya unene wa milimita moja na nusu, kwa kutumia boksi la sabuni kama kielelezo. Kijana aliyelikata hajawahi kuona 240Z maishani mwake, na bati lilikaa sawasawa mara ya kwanza. Nawaambia wanaoagiza kila kitu kutoka ng'ambo: nendeni Katwe kwanza.

Huyo fundi wa skrubu, au ndugu yake, alikuwa pia ameondoa thamostati. Hii ni tabia ya Afrika Mashariki nzima: gari likichemka, thamostati ndiyo ya kwanza kutupwa. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ifike joto la kazi, kama nyuzi 82. Bila yake injini inafanya kazi ikiwa baridi kwa muda mrefu, hasa kwa safari fupifupi za kupeleka mtoto shule. Petroli isiyoungua vizuri inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika polepole bila kelele. Kutupa thamostati kwa sababu rejeta imeziba ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu bawaba inalia.

Nayo maji ya bomba matupu ni sumu. Bloku ya L24 ni chuma, hedi ni alumini. Metali mbili tofauti ndani ya maji yenye madini hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Kipozeo chenye kinga ya kutu kikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi kinalipia gharama yake mara nyingi.

Je, feni ya umeme? Nilisita. Altaneta ya gari hili inatoa ampea 50 kwa shida, na injini ikinguruma taratibu ni chini ya hapo. Feni, taa, wipa na redio vyote pamoja usiku wa mvua vinaweza kuimaliza betri ukiwa umekaa kwenye foleni. Kuna na udhaifu mwingine: umeme wa taa za mbele unapita moja kwa moja kwenye swichi ya usukani, na baada ya miaka 50 swichi hiyo inapata moto hadi plastiki inanuka. Kwa hiyo tulianza na rilei mbili za Toyota kutoka soko la Kisekka, taa zikapata nguvu na swichi ikapumzika. Feni ya umeme ikaja baadaye, ndogo, ya kusaidia tu ile ya zamani.

Kisekka hutakuta sanduku la vipuri limeandikwa 240Z. Ila ukijua ukoo wa injini hii, unajua pa kuanzia. L24 ni injini ya L16 ya Datsun 1600 iliyoongezwa silinda mbili. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 katika zote mbili, na mwendo wa pistoni ni 73.7 katika zote mbili. Datsun 1600 nyingi zilitembea katika nchi hizi. Ndugu yake mkubwa, L28, alifungwa hata kwenye Nissan Patrol. Vya ndani ya injini, basi, hupatikana kwa uvumilivu. Vya bodi hununuliwa Marekani, ambako 240Z ziliuzwa kwa wingi na spea zake bado zinatengenezwa. Bushi za springi epuka zile zinazochongwa kutoka tairi kuukuu. Mpira wa lugabire, zile ndala za tairi, unafaa mguuni.

Kuhusu petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee tuliyo nayo tangu katikati ya miaka ya 2000, mwenye 240Z asipoteze usingizi. Wenye hofu ni wa magari kama MGB, ambayo hedi yake ni ya chuma na viti vya valvu vimechongwa humohumo. Risasi ilivilinda, na bila risasi vinalika. Hedi ya alumini kama ya L24 lazima ipachikwe viti vya metali ngumu zaidi tangu kiwandani.

Kutu ndiyo hesabu ninayoiogopa. Angalia chini ya betri, sakafu, na nguzo zinazopita chini ya sakafu. Hatuna chumvi ya Mombasa, lakini mvua tunayo karibu mwaka mzima, na bati la Kijapani la miaka ile ni jembamba. Gari lililosimama chini ya mti miaka kumi huwa baya kuliko linalotembea kila siku: petroli inaganda kama gundi ndani ya kabureta, silinda za breki zinashika, sili zinakauka. Na huwezi kukimbilia kuagiza jingine. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo anayelitaka analitafuta nyuma ya nyumba za watu, kama afande alivyolipata lake.

Usalama nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna cha kuficha. Halina mifuko ya hewa. Nyuma ni breki za ngoma. Unakaa chini mno, macho yako yanalingana na tairi la lori, na bodaboda anayekupita kushoto humwoni mpaka awe mbele yako. Mimi nisingelipeleka Masaka usiku. Afande amelipeleka.

Wiki iliyopita, jioni ya mvua, tulikaa foleni dakika 50 kutoka Clock Tower hadi hospitalini. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka boneti ya taksi iliyokuwa mbele yetu. Tulipofika langoni kwake alizima, akaacha kila kitu kilivyo, akaangalia saa. Baada ya dakika 10 akapiga stata. Ikawaka papo hapo. Akazima, akaingia ndani bila kusema kitu.

Kitambaa na chupa ya maji bado viko chini ya kiti.