Surua: Askari wa Mwili Huamshwaje?

Mama mmoja alimrudisha mwanawe kliniki siku ya nane baada ya chanjo ya surua. Mtoto alikuwa na homa kidogo na vipele vichache. "Sista, mmemwambukiza?" aliuliza.

Hapana. Mwili wa mtoto ulikuwa darasani.

Katika ngozi, pua na mapafu zimo seli za ulinzi tunazozaliwa nazo. Baadhi zina matawi, na kwa sababu hiyo huitwa seli za dendriti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti. Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza mwaka 1973 huko New York.

Seli hizi zikikuta virusi huvimeza, huvikatakata, kisha huchukua vipande hadi kwenye tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Humo zimo seli T, askari wa mwili. Kila seli T humtambua adui wake mmoja tu. Hata ikionyeshwa kipande cha adui huyo, haiamki mpaka seli ya dendriti itoe na ishara ya pili, kwamba hatari ni ya kweli. Ikiamka, huzaana kwa maelfu. Baadhi huua seli zilizoingiwa na virusi, nyingine husaidia kutengeneza kingamwili. Kazi hii huchukua siku kadhaa. Vita vikiisha, chache hubaki kuwa kumbukumbu.

Lakini virusi vya surua ni vijanja. Huziingia seli za ulinzi zenyewe, zikavibeba hadi kwenye tezi, na humo huharibu seli za kumbukumbu. Mwaka 2019 watafiti walieleza kuwa watoto wa Uholanzi waliougua surua bila kuchanjwa walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao dhidi ya magonjwa mengine. Ndiyo sababu mtoto aliyepona surua huweza kuandamwa na nimonia au kuhara.

Chanjo ina virusi vilivyodhoofishwa. Hufundisha mwili bila kufuta kumbukumbu hiyo. Tanzania na Kenya hutolewa katika miezi 9 na miezi 18. Ya kwanza huwakinga watoto wapatao 85 kati ya 100. Ya pili huwafikia wengi wa waliobaki.

Leo jioni fungueni kadi ya mtoto. Kama ametimiza miezi 18 na nafasi ya pili ni tupu, mleteni kliniki.