Breki ya Pikipiki Ikilia

Wengi wenu mlioko Pangani ya Kibaha na kule Kisarawe mnapata riziki kwa pikipiki, au mnapanda pikipiki kwenda sokoni na hospitali. Leo tutajifunza habari ya breki inayolia: sauti ipi ni ya vumbi tu, na ipi yaweza kumwua mtu.

Kwanza tuelewe breki inavyofanya kazi. Pikipiki nyingi za biashara zina breki ya ngoma katika gurudumu la nyuma. Ndani ya ngoma hiyo mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Mafundi huviita breki shuu. Kila kimoja kimevikwa utando mgumu. Ukikanyaga pedeli, shuu hutanuka, utando ukasugua ngoma, na gurudumu likasimama. Kelele hutoka hapo penye kusugua.

Sasa sikilizeni kwa makini.

1. Mlio mwembamba wa asubuhi au baada ya mvua, unaokwisha ukifunga breki mara chache, ni wa unyevu na kutu nyepesi. Usiogope.

2. Mlio mwembamba usiokwisha maana yake vumbi limejaa, au utando umekuwa laini na kung'aa kama kioo.

3. Sauti ya kukwaruza, chuma juu ya chuma, maana yake utando umekwisha. Usiendelee na safari.

Wako watu ambao hutia oili ili breki inyamaze. Ni kweli itanyamaza, lakini haitashika tena. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja. Mtoto akikatiza Barabara ya Morogoro mbele yako, hizo mita ndizo uhai wake. Basi, oili isiguse shuu wala ngoma.

Kabla ya kufungua, tazameni upande wa nje wa breki. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo pale. Kanyaga breki; mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha.

Ukifungua gurudumu, injini iwe imezimwa na imepoa, na pikipiki isimame imara. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo, kwani hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi, kisha ukaushe. Utando ukibaki milimita 2 au pungufu, badili shuu zote mbili pamoja. Ikiwa bado ni mnene lakini unang'aa, usugue kidogo kwa msasa. Kisha some ndani ya ngoma. Mara nyingi mmepigwa neno MAX na tarakimu. Hicho ndicho kipimo cha mwisho cha upana wa ngoma. Ikipita hapo, haifai tena. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma: chombo chenyewe kinakuambia hali yake.

Wakati wa kufunga, angalieni ile fito ya chuma inayozuia bamba la breki lisizunguke. Nati yake ikazwe, na kipini chake kirudishwe. Fito hiyo ikichomoka, gurudumu laweza kujifunga ghafula njiani. Mwisho, rekebisha pedeli ishuke kama milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika. Pikipiki nyingi hutaka hivyo, lakini fuata kitabu chake kama unacho. Zungusha gurudumu kwa mkono: lizunguke bila kukwama. Jaribu peke yako, polepole, mahali tambarare, kabla ya kupakia abiria au kuteremka vilima vya Kisarawe.

Ikiwa breki yako ni ya sahani na mafuta ya breki yanavuja, usijaribu mwenyewe. Mpelekee fundi.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini breki iliyotiwa oili hainyamazi kwa heri?
2. Utajuaje kwamba shuu zimekwisha kabla ya kufungua gurudumu?
3. Andikeni katika madaftari: ngoma, msasa, nati, mshale. Kisha kila mmoja atunge sentensi moja kwa kila neno.