Ndoa ya Kigali na lango lake la nne

Alhamisi asubuhi, ofisi za murenge jijini Kigali hujaa viatu vipya. Murenge ni kama kata ya Tanzania, na Alhamisi kwa mazoea ndiyo siku ya kufungisha ndoa za serikali. Maharusi huitwa wawili wawili mbele ya katibu mtendaji, ambaye mtaani kila mtu humwita gitifu. Mkono wa kushoto unashika bendera ya taifa, wa kulia unainuliwa, kiapo kinatamkwa. Bibi harusi mmoja niliyesimama karibu naye alikuwa ameifumbata pembe ya bendera kiganjani, kama mtoto aliyepewa nauli akaambiwa asiipoteze. Akaulizwa kuhusu mali: watachanganya zote, watachanganya zile tu watakazochuma pamoja, au kila mmoja atabaki na chake? Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni zote, ivangamutungo rusange. Wakatia sahihi, mashahidi nao wakatia, makofi yakapigwa, na jozi iliyofuata ilikuwa imeshasimama.

Dakika zile chache ndizo pekee zinazotambuliwa na sheria. Katiba ya Rwanda inasema ndoa inayokubalika ni ya kiserikali, ya mume mmoja na mke mmoja. Padri akibariki, shehe akisoma hotuba ya nikahi, ng'ombe wakatolewa na wazee wakanywa, mbele ya serikali hao wawili bado ni watu wanaokaa pamoja. Ndiyo maana watu wengi wa Kigali huoana mara tatu: kwa familia, kwa serikali na kwa Mungu. Kila tendo lina mavazi yake, wageni wake na wasemaji wake, na kila tendo lina gharama.

Lango la kwanza ni la familia, na naliita lango kwa sababu Wanyarwanda wenyewe ndivyo wanavyoliita. Irembo ni mlango wa ua, pale mgeni anaposimama na kubisha hodi. Upande wa mwanamume ukienda kwa mara ya kwanza kujitambulisha, wanaita gufata irembo, kulishika lango. Vijana wa leo neno hilo walilijua kwanza kwenye simu, kwa kuwa Irembo ndilo jina la mfumo wa serikali wa kuombea huduma na vyeti mtandaoni. Kwa hiyo kijana anayejiandaa kuoa analishika irembo mara mbili: kwa baba mkwe na kwenye intaneti.

Baada ya hapo huja gusaba no gukwa, posa na mahari kwa siku moja, mara nyingi Jumamosi. Ile niliyohudhuria mwisho ilikuwa kwenye bustani ya kukodi upande wa Kicukiro. Maturubai mawili yalitazamana, katikati majani mabichi yaliyofyekwa vizuri. Mzee wa wenyeji alikaa mbele na fimbo yake, mzee wa wageni ng'ambo, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaja harusi. Walizungumza juu ya mvua, juu ya safari, juu ya ugomvi wa kale kati ya koo mbili ambao haukuwahi kuwapo, wakausuluhisha palepale. Mgeni akaomba binti, mwenyeji akajidai hana binti wa kuoza. Wenyeji wakasukumiwa hoja, wakarudisha nyingine. Msomaji wa pwani anayemjua mshenga angejisikia nyumbani, isipokuwa huku mshenga hazungumzi sebuleni na wanaume wanne. Anazungumza kwenye kipaza sauti, mbele ya watu mia na zaidi.

Kisha ng'ombe. Mchungaji aliingia na kofia na fimbo, akaanza kuwasifu ng'ombe wa inkwano, mahari ya Kinyarwanda, kwa beti za Kinyarwanda cha ndani ambacho hata vijana wa Kigali wenyewe hawakipati chote: pembe, mwendo, ukoo, maziwa. Ng'ombe hawakuwapo. Walikuwa ndani ya bahasha. Lakini nilimwona bibi mmoja wa upande wa bibi harusi amefumba macho anatikisa kichwa, na sina shaka yeye aliwaona wakipita.

Wapo wanaowalaumu wasemaji wa kukodiwa, wazee ambao kazi yao kila Jumamosi ni kuposa kwa niaba ya watu wasiowajua. Nimesikia wakiitwa waigizaji. Mimi siwezi kuungana na lawama hiyo, kwa sababu najua kiti kile kilibaki wazi namna gani. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliondoka na baba, wajomba na mashangazi, na watoto waliobaki walipofika umri wa kuoa hawakuwa na wa kumtuma irembo. Wanafunzi manusura walioanzisha chama cha AERG kwenye chuo kikuu cha Butare mwaka 1996 walijipanga katika familia: mwanafunzi mmoja akawa baba, mwingine mama, wengine watoto, ingawa walilingana umri. Familia hizo ziliendelea baada ya masomo. Kijana wa miaka ishirini na kitu alisimama kama baba wa bibi harusi, akapokea inkwano, akambariki. Mtu aliyeona jambo hilo hatauliza tena kama mzee wa kukodiwa ni mzee wa kweli.

Huko Nyamirambo, katika Biryogo, mambo huzidi kidogo. Ni mtaa wa Waislamu wa zamani, wenye msikiti wa Al-Fat'h uliojengwa mwaka 1913, na Kiswahili kilikuwa lugha ya barazani pale kabla Bunge halijakipitisha kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Bibi harusi wa Biryogo anatolewa vitu viwili vinavyofanana kwa mbali tu. Inkwano inakwenda kwa familia yake, shukrani kwa waliomlea. Mahari ya nikahi ni yake mwenyewe, na katika mafunzo ya Kiislamu baba hana haki ya kuyagusa bila ridhaa yake. Masheikh hulazimika kulirudia somo hili, kwa sababu lugha huchanganya: Mswahili huviita vyote viwili mahari, na anayechanganya majina huishia kuchanganya na haki.

Lango la Mungu, kwa walio wengi, ni kanisa. Sensa ya 2022 ilikuta Wakatoliki wakikaribia 40 kwa mia, waumini wa ADEPR, kanisa la Kipentekoste, 21, Waprotestanti wengine 15, Waadventista 12 na Waislamu 2. Lango hili ndilo lililotikiswa zaidi miaka ya karibuni. Mapema mwaka 2018 makanisa kama 700 yalifungwa Kigali, baadaye mwaka huohuo sheria ikataka wanaoyaongoza wawe na shahada na elimu ya dini iliyothibitishwa, wakapewa miaka 5 ya kujipanga. Muda ulipokwisha, ukaguzi wa 2024 ulifunga maelfu ya nyumba za ibada nchi nzima, kwa sababu za usafi, kelele, majengo mabovu na vyeti.

Mjadala wa kufungwa makanisa umeandikwa sana, na wengi husimama kwenye majengo. Nisilolisoma mara nyingi ni hili: mchungaji wa kanisa la mtaani alikuwa pia mshauri wa ndoa. Usiku mke akitoka nyumbani na kanga moja, alikimbilia kwake kabla hajakumbuka polisi. Wengine walitoa ushauri mwema, wengine walimrudisha mwanamke kwenye kipigo wakimwambia aombe zaidi. Kwa hiyo naiona haja ya elimu waliyodaiwa, na naona pia pengo lililoachwa mlango ule ulipopigwa kufuli. Shahada ya theolojia peke yake haimfundishi mtu kukaa na wanandoa wawili waliokosana kwa sababu ya mkopo. Papa Francis katika wosia wake Amoris Laetitia wa 2016 alihimiza maandalizi ya ndoa, na wanandoa wasindikizwe katika miaka ya mwanzo baada ya harusi. Sehemu ya kwanza parokia nyingi zinaifanya kwa madarasa. Ya pili ni ngumu, kwa kuwa inamtaka mtu aende hadi nyumbani kwao.

Na kinachowasubiri baada ya harusi kimebadilika. Sheria mpya ya watu na familia ya mwaka 2024 imefanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote niliyoyataja: imeipa kazi ya nyumbani thamani ya fedha. Wanandoa wakiachana, kazi hizo zisizo na malipo, kupika, kufua, kulea, zinaweza kukadiriwa kati ya asilimia 10 na 39 ya mali waliyoipata tangu waanze kuishi pamoja. Wapo waliosema sheria hii inaingiza biashara chumbani. Nawasikia, na ninawajibu kwamba biashara ilishaingia siku mwanamke alipotolewa na sanduku moja baada ya miaka kumi na tano ya kuchota, kupika na kuuguza, akiambiwa hakuchuma kitu. Viongozi wa dini walipaswa kulisema hili mapema kuliko wabunge. Masheikh wanalo kwenye vitabu vyao: katika madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanazuoni wa zamani waliandika kuwa kupika na kufua si wajibu wa kisheria wa mke, ni hisani yake. Hisani ya miaka ishirini haiwezi kuitwa bure.

Sasa nirudi kwenye harusi, kwa sababu kuna lango la nne.

Zamani bibi harusi wa Kinyarwanda akifika kwa mumewe alikaa ndani siku kadhaa, hapiki, hafagii, haonekani. Watu wa pwani tunalo fungate, tunajua ladha yake. Kisha upande wa kwao walifika na vikapu vya chakula na vinywaji kwa sherehe ya gutwikurura, yaani kufunua. Mwali alifunuliwa, na tangu hapo ndipo alipoanza kazi za nyumba yake, zilezile zinazotajwa leo na sheria. Lakini waliokuja hawakuja kwa zawadi tu. Mama alitazama mikono ya mwanawe na uso wake. Shangazi alimvuta pembeni akamwuliza asiyoweza kuuliza baba. Ilikuwa ziara ya ukaguzi, wa huruma, iliyofanywa mapema kabla ya jeraha kuwa donda.

Kigali ya leo hufanya gutwikurura jioni ileile ya harusi, ukumbini, kati ya keki na picha. Sababu naielewa: ukumbi umeshalipiwa, wageni wametoka mbali, Jumatatu watu wako kazini. Vikapu huingia kwa mapambo na nyimbo, kitambaa hufunuliwa, kamera zinainuliwa. Nusu saa. Mama hana la kukagua, maana binti yake hajalala hata usiku mmoja huko anakokwenda. Malango matatu ya kuingilia tumeyalinda na kuyapamba, na hili moja la kurudi kutazama tumelikunja likaingia kwenye ratiba ya mshereheshaji.

Serikali imejaribu kuliziba pengo kwa njia zake. Kila mudugudu, yaani kijiji, una Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wanaojitolea kugonga milango yenye ugomvi na kuangalia watoto. Kuna Umugoroba w'Umuryango, jioni ya kukaa wazazi pamoja na kuzungumza. Tangu Januari 2023 kazi huanza saa tatu asubuhi, na shule saa mbili na nusu, ili familia zipate pumzi ya asubuhi. Ni mambo mema, na wale wa kujitolea wanastahili heshima kuliko wanayopata. Lakini jirani wa mudugudu hawezi kusoma uso wa binti kama anavyousoma aliyemzaa.

Wiki sita hivi baada ya ile harusi ya Kicukiro, nilimkuta mama wa bibi harusi kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ameshuka na mfuko wa viazi vitamu na chupa ya samli iliyofungwa kwa kitambaa. Hakukuwa na sherehe. Alikuwa hajawapigia simu kwamba anakuja, na alinieleza kuwa amefanya makusudi. Alitaka kufika saa ambayo binti hajajiandaa.