Usitupe Nyanya Mbichi, Ziivishe Nyumbani

Mvua ya masika imekaza, majani ya nyanya ulizopanda nyuma ya nyumba yameingia madoa ya ukungu, na matunda yangali mabichi. Je, msomaji, utayang'oa na kuyatupa, ilhali bei sokoni imepanda? La, hasha! Yachume, uyaivishe ndani.

Kwanza, chagua zilizokomaa. Kata moja kwa kisu kikali. Mbegu zikiteleza bila kukatika, basi nyanya za kimo hicho zitaiva. Zikikatika, hizo ni changa, zitengeneze achari.

Pili, tenga zote zenye madoa. Samaki mmoja akioza wote huoza, na nyanya ni vivyo hivyo.

Tatu, zipanguse, uzipange katika katoni juu ya gazeti kuukuu bila kugusana. Weka ndizi mbivu katikati, ufunike. Ndizi hutoa hewa iitwayo etileni, ambayo huharakisha nyanya kuiva. Chungulia kila siku, uondoe iliyoanza kuoza.

Wengi huzianika dirishani juani. Haifai. Nyanya iliyokomaa huhitaji joto la kadiri, nyuzi 18 hadi 21, wala si mwanga. Joto likipita nyuzi 30 hubaki na rangi ya manjano. Friji nayo huzizuia kuiva na kuziharibu ladha.

Julai, Nairobi ikizizima kwa baridi, weka katoni jikoni, mbali kidogo na moto. Zikikawia, subiri. Baada ya wiki mbili hivi, sukuma wiki yako haitakosa nyanya.