Sakafu ya Tangi la Samaki: Mchanga au Changarawe?

Katika nyumba nyingi siku hizi, za mijini hasa, huonekana tangi la kioo limewekwa ukumbini, na ndani yake samaki wadogo wa rangi mbalimbali. Watoto hufurahi kuwatazama, na mgeni aingiapo hupata la kuzungumza. Nasi hatuoni ubaya katika jambo hilo. Wanavyuoni wametoa hoja ya kufaa kuweka kiumbe nyumbani kutokana na habari ya Abu Umeir, ndugu mdogo wa Anas bin Malik r.a., aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea. Mtume s.a.w. hakumkataza, na kidege kilipokufa alimliwaza mtoto yule kwa upole.

Walakini ruhusa hii ina sharti lake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, wala hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie mwenyewe. Ndugu msomaji, lizingatie neno hili la kufungia. Kiumbe aliye huru hujichagulia malisho na makazi. Aliyefungiwa hana ila kile tulichomchagulia sisi. Basi samaki aliyemo ndani ya kioo, maji yake, chakula chake, na hata sakafu iliyo chini yake, vyote ni amana juu ya shingo zetu.

Sakafu hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza mwezi huu, kwani vijana hubishana juu yake: iwe ya mchanga au ya changarawe? Wengi huchagua kwa macho. Mmoja hupenda changarawe zilizopakwa rangi ya samawati, mwingine hupenda mchanga mweupe kama wa ufukoni. Sisi twasema kwamba swali la kwanza si kipi kinachopendeza, bali ni samaki huyu ni wa namna gani, na huko kwao huishi juu ya nini.

Mfano hatuna haja ya kuutafuta mbali. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja na perege, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Baadhi yao hufugwa majumbani hata Ulaya na Marekani. Miongoni mwao yumo Neolamprologus multifasciatus, ambaye hata akikomaa hafiki urefu wa sm 5. Nyumba yake ni kombe tupu la konokono aliyekufa. Huchota mchanga kwa kinywa chake, funda kwa funda, akachimba mpaka kombe likazama ukabaki mlango wake tu. Humo hujificha, hutaga mayai na kulea wanawe. Samaki huyu akiwekewa changarawe nene huwa kama fundi aliyenyang'anywa udongo. Wako na wengine, jamii ya Xenotilapia, wanaokula kwa kuchota mchanga kinywani, wakauchekecha, wakabakiza vidudu vya kula na kuutoa mchanga kwa matamvua yao.

Katika Ziwa Nyasa pia wako madume wanaojenga vilima vya mchanga ili kuwavutia majike, na wako wengine, waitwao mbuna, wanaokaa miambani wakikwangua mwani juu ya mawe. Ziwa ni moja, na kila mmoja amejaaliwa makazi yanayomfaa. Lakini huko ziwani, asiyependa mawe huogelea akaenda mchangani. Katika tangi lako hana pa kwenda.

Basi kwa samaki wachimbao na wachekechao, mchanga hauna badala. Kadhalika kwa kambare wadogo wa Amerika ya Kusini waitwao Corydoras, ambao hupapasa chini kwa sharubu zao wakitafuta chakula. Changarawe zenye ncha kali huweza kuwaumiza sharubu hizo. Samaki wa dhahabu, ambao asili yao ni China, wana desturi ya kutia kinywani kila wanachokikuta, na punje ya changarawe huweza kuwakwama kooni. Hawa wafaa mchanga, au mawe makubwa wasiyoweza kuyabugia. Ama samaki waogeleao katikati na juu ya maji, kama vile gapi, hao huishi vyema juu ya mchanga na juu ya changarawe. Na hapo ndipo mwenye nyumba anapoweza kuchagua kwa kadiri ya kazi aliyo tayari kuifanya.

Kwa kuwa kila sakafu ina kazi yake. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia. Bakteria wanaojishikiza juu ya punje za sakafu na ndani ya chujio huigeuza sumu hiyo kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kuenea katika tangi jipya. Ndiyo maana anayejaza samaki siku ile ile aliyonunua tangi huwakuta wamekufa. Na ndiyo maana anayeitoa sakafu yote akaisugua kila asafishapo huwaua watumishi wake mwenyewe.

Changarawe zina nafasi baina ya punje, hivyo chakula hupenya kikaozea chini ambako jicho halioni. Mwenye changarawe ni sharti achomeke mpira wa kunyonyea maji ndani yake, pahali baada ya pahali, kila wiki, huku akibadilisha kiasi cha robo ya maji. Juu ya mchanga uchafu hubaki ukionekana, na mpira hupitishwa juu kidogo tu bila kuunyonya mchanga wenyewe. Lakini mchanga hushikana, na ukiwa mwingi mno hewa haifiki chini, ikazalika humo gesi yenye harufu ya yai viza, nayo ni sumu kwa samaki. Kina cha sm 3 hadi 5 chatosha, na yafaa kuukoroga kidogo kwa kidole mara kwa mara. Wapendao majani ya majini wachague changarawe ndogo za milimita 2 au 3, maana humo mizizi hushika vizuri.

Hesabu yake si ngumu. Tangi lenye urefu wa sm 60 na upana wa sm 30, kwa sakafu ya kina cha sm 4, lahitaji lita 7 na kidogo, yaani kama kilo 11 au 12 za mchanga mkavu. Mwenye kupamba kwa mawe mazito ayaweke kwanza juu ya kioo ndipo amwage mchanga, samaki wachimbaji wasije wakayaangusha.

Na mchanga utoke wapi? Wa pwani una chumvi, tena huwa umechanganyika na matumbawe na makombe yenye chokaa, ambayo huyafanya maji kuwa magumu. Samaki wa Tanganyika huyapenda maji hayo, lakini wale wa mito ya Amazon huyaona taabu. Njia ya kujua ni kudondoshea siki kidogo: povu likitoka, mna chokaa. Zaidi ya hayo, ufuko ni wa watu wote na huzuia bahari isile nchi kavu. Haifai kuuchota bila idhini ya wenye mamlaka kwa ajili ya pambo la nyumbani. Nunua, au omba ruhusa.

Kisha uoshe kwa maji matupu, pasipo sabuni, mpaka maji yatoke safi. Wala tusifanye israfu, sisi umma wa Mtume aliyekuwa akitosheka na mudi moja ya maji kwa kutawadha. Maji ya kuoshea, na yale yatolewayo tangini kila wiki, yamwagiwe miche, nayo itastawi.

Wazazi wawaachie watoto wao kazi hii, wakiwasimamia. Mtoto ajifunzaye kuuliza samaki wake ahitaji nini kabla ya kuuliza yeye mwenyewe apenda nini, amejifunza adabu itakayomfaa kwa mkewe, kwa mtumishi wake na kwa jirani yake. Na yule asiye na nafasi ya kazi hii ya kila wiki, bora aliache tangi lake dukani. Hana dhambi kwa kutofuga, bali ataulizwa kwa kufunga na kusahau.

Wabillahi tawfiq.