Betri ya King'ora na Umri Wake

Katika mitaa ya Mkuza na vitongoji vinavyoiandama barabara ya Morogoro pale Kibaha, ambako mashamba ya minazi na mikorosho yamekuwa yakigeuka viwanja vya nyumba, si ajabu siku hizi kumkuta mtu ambaye, anapodamka kwenda kazini Dar es Salaam, huiacha nyumba yake katika amana ya king'ora. Naye huondoka na moyo mtulivu, asikumbuke kwamba siku umeme utakapokatika amana yote hiyo itaiangukia betri ndogo iliyomo kisandukuni, ambayo pengine tangu ifungwe haijapata kutazamwa na mtu.

Betri hiyo aghalabu ni ya volti 12 na ujazo wa ampea-saa 7. Ndani yake mna vyumba sita vya mabamba ya risasi yenye tindikali, kwa asili ile ile aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ikiwa mtambo wote unakula ampea 0.35, betri mpya, kwa hesabu ya kiwandani, huubeba kwa saa 20. Ikizeeka hata ikabakiwa na nusu ya nguvu zake, haivuki saa 10, na usiku wa mwizi huwa mrefu.

Adui mkubwa wa betri hiyo katika nchi yetu ya pwani ni joto. Watengenezaji huihesabia miaka mitatu hadi mitano katika hali ya nyuzi 20 hadi 25, na kila joto linapozidi kwa nyuzi kama 10, umri huo hukatika nusu. Kisanduku kilichowekwa darini chini ya bati, au ukutani panapopigwa na jua la alasiri, ni tanuri. Sharti kihamishiwe ndani, kwenye ujia wenye kivuli na hewa. Fundi naye apime chaji, ambayo katika hali ya wastani huwa volti 13.5 hadi 13.8, na mahali pa joto hupunguzwa kidogo. Maana chaji ikizidi hukausha tindikali, na betri iliyozibwa haiongezwi maji. Ukiona imevimba tumbo, haina tiba tena.

Adui wa pili ni kuachwa tupu. Betri inapotoa nguvu, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba. Ikichajiwa mapema huondoka, ikiachwa majuma kadhaa huganda na kuziba nguvu milele. Nayo betri huachwa tupu hivyo umeme unapokatika kwa muda mrefu. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, limetupa faraja baada ya miaka ya mgao. Walakini giza la nyumbani halitokani na mgao peke yake. Kuna mwenye nyumba asafiriye ilhali uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zimekaribia kwisha, na kuna yule azimaye swichi kuu kwa nia njema ya kuepusha moto, kumbe ameuhukumu mtambo kuinyonya betri hadi tone la mwisho. Kabla ya safari, nunua umeme wa kutosha, na swichi ya king'ora iache iwake. Wala usiifungie betri hiyo taa au kifaa cha intaneti. Mzigo wake mmoja unaitosha.

Kila miezi mitatu, baada ya kuwaarifu majirani na kampuni ya ulinzi, zima umeme wa king'ora kwa muda wa saa moja, kisha kilize. Kikilia kwa sauti dhaifu, mwite fundi. Betri nzima iliyojaa, ikiisha kupumzishwa saa kadhaa, husoma karibu volti 12.7, ikishuka chini ya 12.4 ilhali imechajiwa, imechoka. Unaponunua mpya, tazama tarehe ya kutengenezwa, kwani iliyokaa dukani muda mrefu bila chaji imekwisha kuzeeka. Ile kuukuu usiitupe shimoni wala usiivunje, kwa kuwa risasi ni sumu kwa watoto na kwa maji ya visima. Ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu.

Basi, ewe msomaji, mwombe fundi aandike kwa wino juu ya betri yako tarehe aliyoifunga. Na mwaka wa tatu ukitimia, ibadilishe hata kama bado yaonekana nzima.